Kengele ya Mabaka

Nimeona watu wengi wakikimbia maishani mwangu. Lakini kitu nilichokiona kijijini Buswahili jioni moja mwaka huu bado sijakipatia neno lake, na mimi ni mtu ninayeheshimu maneno. Niliyapata kwa taabu, kwenye madarasa ya jioni, baada ya zamu ya kiwanda cha nguo, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wanaonizidi darasa. Nikajifunza, nikafaulu, na baadaye nikajifundisha na riadha. Kwa hiyo nikisema kitu kimenishinda kukieleza, mjue si kwa uvivu.

Naitwa Alfonsi. Mimi na Madam Dorkas tunafundisha klabu ya riadha ya vijana hapa Musoma. Yeye ni mwalimu wa sekondari, ana diploma ya michezo, na hutembea kama mtu anayekiwahi kivuko cha Kisorya. Watoto wanamwita Madam, mimi wananiita Babu. Tunafanya mazoezi asubuhi kwenye ufukwe ulio jirani na soko la Mwigobero, saa ambazo akina mama wanaanika dagaa na mitumbwi ya vijijini inapakua mizigo.

Rhobi aliletwa kwetu na shangazi yake, Selestina, ambaye anauza dagaa pale pale Mwigobero. Alimshika mkono, akamsukuma mbele yangu kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima.

"Babu, huyu mtoto nikimtuma nyanya anarudi kabla sijafunga mdomo," alisema. "Mchukueni. Hapa kwangu anamwaga dagaa tu."

Msichana mwenyewe alikuwa mrefu, mkimya, mwenye miguu ya vumbi. Alikuwa ametoka kwao Buswahili kuja kusoma kidato cha kwanza mjini. Madam Dorkas akamwambia akimbie mpaka kwenye mtumbwi wa bluu uliopinduliwa kule mbali, kisha arudi. Akaondoka.

Mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa alinyanyuka, akabaki na fagio mkononi. Hakuna kitu kilichotikisika juu ya kiuno chake. Mabega yalitulia kama ya mtu aliyebeba maji kichwani, na chini miguu ilikuwa inafanya kazi yake bila kelele, kama haigusi mchanga, inaupita tu. Aliporudi alisimama mbele yetu akasema, "Nimefika, madam. Niende tena?"

Madam Dorkas alinitazama. Nilikuwa nimesoma juu ya mwendo wa namna hiyo, lakini kusoma ni jambo jingine.

Basi tukajiona tumepata dhahabu. Hatukujua kwamba tabu iko njiani.

Rhobi akikimbia peke yake alikuwa upepo. Ukimweka na wenzake, anakuwa wa mwisho. Simaanishi alikuwa anashindwa. Alikuwa anakaa nyuma yao wote, umbali ule ule, ametulia, macho yanazunguka kushoto na kulia. Wenzake wakiongeza mwendo, anaongeza. Wakipunguza, anapunguza. Mmoja akichepuka kwenda kunywa maji, Rhobi naye anachepuka kidogo upande ule, mpaka mwenzake arudi kwenye kundi. Mwisho wa mazoezi wengine wanalala chali wanahema, yeye amesimama, hata jasho hana.

"Babu, huyu simtaki nyuma yangu," Jenipher alilalamika siku moja. Jenipher ndiye aliyekuwa mkimbiaji wetu bora, na mdomo wake ulikuwa na mbio kuliko miguu. "Anakuwaga nyuma tu, namsikia pumzi. Ananichunga kama mbuzi!"

"Wewe si mbuzi," Rhobi alimjibu polepole. "Mbuzi hawana kelele hivyo."

Wote wakacheka, hata mimi. Laiti ningeacha kucheka nikasikiliza, maana Jenipher alikuwa ameshasema kila kitu.

Tulijaribu yote. Madam Dorkas alimweka mbele kabisa, hatua nyingi mbele ya wenzake; Rhobi akawa anageuka geuka mpaka wampite, ndipo roho yake inatulia. Nilimweleza kwa upole, nilimweleza kwa ukali. "Rhobi, mashindano ni nini?" "Ni kushindana, Babu." "Mshindi ni nani?" "Wa kwanza." "Sasa wewe?" Anainamisha kichwa. "Nikienda mbele siwaoni, Babu." Nikadhani ni woga.

Mwezi wa tano tukaenda Bunda kwa mashindano ya kirafiki. Siku hiyo ilikuwa ya mnada, na baba yake Rhobi, Mzee Keraryo, alikuwa ameleta ndama kuuza. Alipomaliza alipita uwanjani, fimbo mkononi, koti jeusi zito mwilini ingawa jua lilikuwa kali. Alisimama karibu nasi kumtazama binti yake akikimbia mita elfu tatu.

Katikati ya mbio msichana mmoja wa Bunda alishikwa na msuli. Akaanza kuchechemea. Wenzake wote wakamwacha. Rhobi hakumwacha. Alipunguza mwendo, akatembea nyuma yake, raundi nzima na zaidi, mpaka yule msichana akavuka mstari akilia. Ndipo Rhobi naye akavuka. Wa mwisho. Uwanja mzima ulikuwa unacheka.

Mzee Keraryo hakucheka. Alitusogelea, akanisalimia kwa heshima kwa kuwa nimemzidi umri, kisha akasema bila kupaza sauti:

"Mzee wangu, na wewe mwalimu. Kijana wangu mkubwa ameenda machimboni. Wadogo bado wananyonya. Ng'ombe zangu zinachungwa na watu wa kuokota, wanalala porini, zinaingia mashamba ya watu. Huyu Rhobi ndiye mchungaji wangu. Nilimwachia aje mjini kwa sababu dada yangu Selestina alisema anajua kukimbia. Huku ndiko kukimbia?"

"Baba Rhobi, mpe muda," Madam Dorkas alisema.

"Nimempa. Mashindano ya mkoa ni lini?"

"Mwezi ujao, Musoma."

"Wanachukua wangapi?"

Madam aliinua kidole kimoja. "Kwa mbio hizi, mmoja. Wa kwanza tu. Anaingia timu ya mkoa, na timu inakaa bweni, shule inawasimamia."

"Basi. Akiwa huyo mmoja, sitasema neno. Asipokuwa, anarudi nyumbani. Atasoma sekondari ya kule kule, na jioni ng'ombe zinamsubiri." Akaweka fimbo begani, akaondoka. Rhobi alikuwa amesimama karibu, amesikia yote. Hakulia. Aliuliza tu, "Madam, yule dada wa Bunda mguu wake umekuwaje?"

Wiki mbili baadaye, Rhobi akiwa amekwenda kwao kusalimia, mimi na Madam Dorkas tulipanda bodaboda kwenda Buswahili. Tulitaka kumwomba Keraryo alegeze msimamo. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri kichwani. Sikuitoa.

Tulikaribishwa viti uani, tukapewa uji. Nyumba ya Keraryo iko juu kidogo, mbele yake bonde linashuka kuelekea Mto Mara, na njia ya mifugo inapanda kutoka kule ikipita kati ya mawe makubwa. Zizi liko upande wa juu wa nyumba, limezungushiwa minyaa na miiba, na mlango wake ni magogo yaliyolazwa. Pembeni yake kuna shamba la mihogo la jirani. Jua lilikuwa linaelekea kuzama.

Kwanza tulisikia kengele. Ng'ombe mmoja tu ndiye aliyevaa, jike kubwa lenye madoa, jina lake Mabaka, ambaye ndiye anayetangulia. Kisha kundi likatokea, limejaa njia, vumbi limepata rangi ya shaba. Na nyuma kabisa, nyuma ya ndama wa mwisho anayechechemea, alikuwa Rhobi, ametulia, macho kushoto na kulia.

"Mungu wangu," Madam Dorkas alinong'ona. "Babu, si ndivyo anavyokimbia?"

Ndivyo hasa. Umbali ule ule. Mabega yale yale. Ndama akichepuka, anachepuka naye. Nikahisi moto wa aibu na furaha pamoja. Mtoto alikuwa hajashindwa mbio hata moja. Alikuwa analeta kila mtu nyumbani.

Lakini hilo silo nililokuja kuwaeleza.

Mabaka alifika kwenye jiwe kubwa, akaiacha njia, akageukia zizi. Alipogeuka kengele ikalia kwa namna nyingine, kwa kuyumba, ngo-ngo, ngo-ngo. Na ilipolia hivyo, Rhobi akatoka.

Sijui niseme vipi. Alikuwa nyuma ya kundi zima, na mlango wa zizi ulikuwa mbele ya kundi zima, na katikati yao palikuwa na ng'ombe zaidi ya wale ambao ningeweza kuwahesabu, wanapanda mlima kwa haraka kwa sababu wamenusa nyumbani. Hakupita katikati yao. Alizunguka kwa nje, upande wa mawe, kupanda mlima, miguu mitupu, akiruka kutoka jiwe hadi jiwe kama jua lenyewe ndilo linalomvuta. Ng'ombe hawakushtuka hata mmoja. Hawakugeuza vichwa. Alipita kama kivuli cha wingu kinavyopita juu ya malisho. Nilikuwa na saa ya mbio mkononi, kidole kiko juu ya kitufe. Sikukibonyeza. Alifika zizini, akavuta gogo la juu, akavuta la chini, akasimama kando ya nguzo kabla pua ya Mabaka haijafika. Kisha wakaingia, na yeye akawa anagusa kila mgongo unaopita, mpaka ndama yule wa mwisho.

Kikombe cha uji kilikuwa kimenimwagikia gotini. Madam Dorkas alikuwa amesimama, mkono mdomoni, machozi yanamtoka.

Keraryo alitushangaa. "Mmeona nini?"

"Anafanya hivyo kila siku?" niliuliza.

"Sasa asipofanya? Ng'ombe akikuta zizi limefungwa anageukia mihogo ya watu. Mchungaji anakaaga nyuma siku nzima, lakini kufungua zizi ni lazima yeye. Kengele ikigeuka, anaenda. Hata babu yangu alikuwa anakimbia hivyo." Akatema mate pembeni. "Hilo nalo ni la kushangaa?"

Madam Dorkas alifuta macho. "Baba Rhobi," alisema, "raundi ya mwisho kwenye mbio ndefu hupigiwa kengele. Ni sheria inayojulikana. Ila hapa kwetu hatunaga kengele, wanatangaza kwa kipaza sauti. Nikiwaomba wasimamizi watumie kengele, utatuazima ya Mabaka?"

Keraryo aliangalia zizi lake. Alikuwa ameelewa. Hakuwa mtu mjinga. Alijua anaombwa akate tawi alilokalia.

"Kengele ya Mabaka haitoki shingoni," alisema. Akaingia ndani.

Siku ya mashindano uwanja wa Musoma ulikuwa umechorwa chokaa juu ya nyasi, na upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha vibendera. Madam Dorkas alimshika Rhobi mabega.

"Leo sikwambii ukae mbele. Wachunge."

Rhobi akainua macho, haamini. "Kweli, madam?"

"Wachunge wote. Asipotee mtu. Lakini raundi ya mwisho ufungue zizi."

"Zizi liko wapi?"

"Pale kwenye utepe."

Nilimwona Rhobi akiutazama ule utepe mwembamba mweupe kama mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya ukuta aliouzoea. Jenipher, ambaye naye alikuwa anakimbia, alidakia, "Kwa hiyo mimi leo ni ng'ombe rasmi?" "Wewe ndiye Mabaka," Rhobi akamwambia, "tangulia na kelele zako."

Wasimamizi walikuwa wamekubali kengele, ila kengele yenyewe hatukuwa nayo. Nilikuwa natafuta rimu ya gari ya kugonga, ndipo nikamwona Mzee Keraryo akipita getini na koti lake jeusi, amelishika tumboni kama mtu mwenye mtoto ndani. Akalifungua kidogo. Kengele ya Mabaka ilikuwa humo, na kamba yake ya ngozi.

"Hii haishikwi na mtu mwingine," aliniambia. "Nitaipiga mwenyewe."

Nilimpeleka kwa msimamizi wa mstari, akakubali, akamwonyesha pa kusimama.

Mbio zikaanza. Wasichana walitoka Bunda, Butiama, Serengeti, Rorya na kwetu. Rhobi alikaa nyuma yao wote. Watu wakaanza kuzomea. "Wa mwisho! Wa mwisho!" Mimi nilikuwa nimetulia. Nilimwona jinsi anavyowatazama, na nikaona jambo ambalo sikuliona zamani: kundi lote lilikuwa linakwenda kwa mwendo wake. Akisogea, wa mbele yake anasogea, na wa mbele ya huyo, mpaka Jenipher kule mbele na msichana mrefu wa Rorya aliyekuwa bega kwa bega naye. Alikuwa anawaendesha kwa pumzi tu. Raundi baada ya raundi, kasi ilipanda, na hakuna aliyejua inatoka wapi.

Wakaja kuianza raundi ya mwisho. Msimamizi akainua mkono. Keraryo akatikisa kengele.

Haikulia.

Alitikisa tena kwa nguvu. Ikatoa sauti kama gunia linaloanguka. Jenipher na yule wa Rorya wakapita. Kundi likapita. Rhobi akapita mwisho, uso ameugeuzia kwa baba yake, anasubiri, maana kwake Mabaka alikuwa bado hajageuka. Akaendelea na mwendo wake wa mchungaji, anaingia kwenye kona.

Keraryo aliigeuza kengele juu chini. Ilikuwa imesokomezwa majani. Kwetu mtu akipita na kengele mashamba ya watu huiziba kwa majani, wenye mashamba wasije wakadhani ng'ombe wameingia. Aliiziba alfajiri alipotoka nyumbani, kwa mazoea ya maisha yake yote, kisha akasahau. Aliingiza vidole, akavuta, majani yalikuwa yamekaza. Madam Dorkas alijishika kichwa. Nami nilimtazama yule mzee, nikajua kwamba sasa kila kitu kiko kwake. Angeweza kunyamaza tu. Hakuna ambaye angemlaumu. Majani ni majani. Jioni angekuwa na mchungaji wake.

Alitupa kengele chini. Akaweka mikono mdomoni, na sauti iliyotoka sijapata kuisikia kwa binadamu:

"Rhobiii! Zizi! Rhobi weee, zizi!"

Rhobi akatoka.

Alizunguka kwa nje. Kila kitabu nilichosoma kinasema usipite watu kwenye kona kwa nje, maana unajiongezea njia. Yeye alipita hivyo, nje kabisa, karibu na watazamaji, kwa sababu kundi halipitwi katikati. Watu waliokuwa wanazomea walinyamaza wote kwa mara moja, mpaka tukasikia miguu yake kwenye nyasi. Aliwapita mmoja mmoja, na kama ng'ombe wale wa Buswahili, hawakushtuka, walikuwa hawajamwona bado naye ameshapita. Kwenye kipande cha mwisho kilichonyooka alimfikia Jenipher, akamfikia yule wa Rorya, akawaacha. Niliona tu mabega yaliyotulia, na chini yake kitu kama maji yanayoteremka.

Utepe haukukatwa na kifua. Aliushika kwa mkono, akauvuta kando kama gogo la zizi, akaingia, akasimama pembeni ya mstari. Hapo akabaki, akiwagusa begani wenzake wanaoingia, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Msimamizi wa mstari, mtu mzima, alivua kofia yake. Sidhani alijua anafanya nini.

Jenipher alianguka miguuni kwangu, anahema. "Babu," alisema, "leo ng'ombe wote tumefika salama."

Jina la Rhobi likatangazwa. Timu ya mkoa. Nilimtafuta baba yake, nikamkuta amechuchumaa pale pale, anatoa majani kwenye kengele, bua moja moja. Rhobi alikuja akapiga magoti mbele yake. Mzee alimwekea kiganja kichwani, akauliza, "Umefunga?"

"Nimewaingiza wote, baba."

"Haya."

Kisha akatazama jua, na nikaona uso wake ukibadilika. "Mzee Alfonsi, sasa leo nani atafungua zizi kule?" Hakusubiri jibu. Gari la kwenda kwao kwa njia ya Butiama lilikuwa limeshawasha injini ng'ambo ya barabara, konda anapiga bati. Keraryo aliweka fimbo kwapani, akashika kengele, akakimbia.

Kengele sasa ilikuwa haina majani. Ililia uwanja mzima, ngo-ngo, ngo-ngo, na juu ya sauti ile koti jeusi lilikuwa linakwenda, mabega yametulia, hakuna kinachotikisika, miguu haionekani kugusa chini. Alizunguka kundi la watu getini kwa nje. Alivuka barabara. Gari lilikuwa limeanza kuondoka, naye akalifikia, akadandia mlangoni bila hata kupepesuka.

Madam Dorkas alinishika mkono. "Babu, umemwona?"

Nilikuwa nimemwona. Na kwa mara ya pili saa ya mbio ilikuwa mkononi mwangu, imenyamaza.